Mezani kwa Fundi: zambarau inayogeuka tope, na maswali mengine ya kuchanganya rangi

Safari hii meza yote ni ya rangi. Barua zimetoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa mpaka Manyoni, na nyingi zinalalamikia jambo moja: rangi aliyoitaka mtu siyo iliyotoka kwenye kopo. Tumejibu kwa vipimo. Tukisema "sehemu", pima kwa chochote ulicho nacho, kizibo cha soda au kijiko, mradi kisibadilike mpaka umalize. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Kwa rangi kidogo hakuna kipimo kinachoshinda bomba la sindano la famasi, la mililita 5 au 10, likiwa limetolewa sindano yake.

Nyekundu na bluu, lakini zambarau haiji

*Habari za kazi, mafundi. Napamba vyungu vya maua na fremu za vioo. Shuleni tulifundishwa kwamba nyekundu na bluu huzaa zambarau. Nikichanganya mimi napata rangi kama maji yaliyooshewa viazi. Nimebadilisha brashi, nimenunua kopo jipya, wapi! – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Ulichofundishwa ni kweli, ila kimekatwa katikati. Rangi ya dukani haiji peke yake. Kila nyekundu imeegemea upande: ama upande wa chungwa, maana yake imebeba njano ndani yake, ama upande wa pinki, maana yake imebeba bluu. Bluu nazo ni hivyohivyo. Moja imeegemea kijani, nyingine imeegemea zambarau. Ukichukua nyekundu yenye njano ukaitia kwenye bluu, umechanganya rangi tatu bila kujua, na nyekundu, njano na bluu zikikutana pamoja huuana. Hiyo ndiyo tope yako. Kopo jipya la nyekundu ileile lisingesaidia.

Namna ya kuzijua kabla hujaharibu rangi ni rahisi. Chukua kipande cha marumaru nyeupe, weka tone moja la nyekundu na matone kumi ya nyeupe, changanya. Ikitoka rangi ya papai bivu, nyekundu hiyo ina njano. Itunze kwa kazi ya chungwa na kahawia. Ikitoka pinki safi ya waridi, hiyo ndiyo ya zambarau. Bluu ipime vilevile: ikiwa na nyeupe ikatoka rangi ya anga yenye ukijani, ni ya kutengenezea kijani, ikivuta kwenye maua ya mjakaranda, ni ya zambarau. Hii ya pili mara nyingi imeandikwa *ultramarini* kwenye kopo, na nyekundu inayoifaa huandikwa *majenta*.

Anza na sehemu 3 za majenta na sehemu 1 ya ultramarini. Wingi wa rangi nyepesi utangulie, nzito ifuate kidogokidogo, maana tone moja la bluu hubadilisha kikombe kizima cha nyekundu, ila ukitangulia na bluu utamwaga nyekundu mpaka mkono uchoke. Jambo jingine linawachanganya wengi: zambarau iliyokolea huonekana karibu nyeusi ikiwa kwenye kopo. Usiitupe. Ongeza nyeupe kidogo, kama sehemu nusu, ndipo uone umepata nini.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye kijani. Njano ya limau ikikutana na bluu yenye ukijani, kwa sehemu 10 kwa 1, hutoa kijani cha majani machanga ya mpunga. Njano ya embe bivu na ultramarini hutoa kijani kizito cha majani makavu, ambacho kwa kazi ya miti na milima ni kizuri kuliko kile cha kwanza. Na kama huna bluu kabisa, tia nyeusi tone kwa tone kwenye njano. Utapata kijani cha zeituni, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wajaribu.

Udongo wa kwetu kuwa rangi ya vibuyu

*Shikamooni. Mimi ni kijana, nachonga na kupamba vibuyu vya mapambo. Huku kwetu udongo ni mwekundu sana, na pengine ni wa njano. Nimeukoroga na maji nikapaka, ukikauka unadondoka kama unga. Nikaongeza gundi, ukapasuka. Nifanyeje? – Kijana wa Kolo, Kondoa*

Marahaba, kijana. Unaishi jirani na ushahidi bora kwamba udongo ni rangi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi ni ya rangi nyekundu inayotokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo na mawe, na jua halijaweza kuipausha. Madini ya chuma ni kama kutu: yamekwisha kuliwa na hewa, hayana cha kubadilika tena. Kwa hiyo malighafi unayo. Kilichokupiga ni mchanga, chumvi na kipimo cha gundi.

Chimba chini ya tabaka la juu, kama sentimita 30, upate udongo usio na mizizi. Usichukue kando ya barabara. Ujaze nusu ndoo, ongeza maji mpaka karibu na ukingo, koroga kwa nguvu, kisha uache utulie kwa dakika moja tu. Mchanga ni mzito, utakuwa umezama. Mimina maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili ukiyapitisha kwenye kitambaa cha khanga kuukuu, na ule mchanga uliobaki chini utupe. Ndoo ya pili iache mpaka kesho yake. Asubuhi utakuta maji yamejitenga juu. Yamwage taratibu, weka maji mengine masafi, koroga, acha tena siku moja, mwaga. Usiiruke hatua hii ya pili. Udongo mwingi wa Dodoma una chumvichumvi, na chumvi isipooshwa itatoka juu ya kibuyu baada ya wiki kama ukungu mweupe, hata ukipaka vanishi. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya kuoshea yawe ya mvua au ya bomba, siyo ya kisima cha chumvi.

Uji mzito uliobaki chini uanike juu ya bati lililotandikwa plastiki mpaka ukauke kabisa, uutwange, uchunge kwa chekeche la unga. Ukiupikicha kati ya vidole usisikie punje.

Sasa gundi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, halafu kipimo kimoja cha maji hayo ya gundi kwa kipimo kimoja cha unga wa udongo. Kwa vijiko: unga 4 vya chakula, gundi 2, maji 2. Usimimine maji yote kwa mpigo. Anza na kidogo, ponda kwa mgongo wa kijiko mpaka upate uji usio na mabonge, ndipo uongeze. Paka kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika, subiri kikauke, sugua kwa kidole. Kidole kikitoka na rangi, gundi haitoshi. Ongeza kijiko cha chai kimoja. Rangi iking'aa kama plastiki, gundi imezidi. Ikipasuka kama bwawa lililokauka, sababu ni moja kati ya mbili: umepaka nene, au udongo wako una mfinyanzi mwingi. Udongo wa kichuguu ndio mkosaji mkubwa hapo. Ni laini na unavutia kuuchukua, lakini ukilowa hutanuka na ukikauka husinyaa, na rangi hukatika juu yake. Uchanganye nusu kwa nusu na udongo mwingine uliochujwa, au uongeze chokaa iliyochungwa sehemu 1 kwa 4, ukikubali kwamba rangi itafifia kidogo.

Ule wa njano usiutupe, una zawadi mbili. Wenyewe ni rangi nzuri ya ugali wa mtama uliochanganywa na dona. Na ukiuchoma unageuka mwekundu. Unga uliokauka kabisa utandaze kwenye karai la chuma, unene wa sentimita moja, juu ya jiko la mkaa lililokolea. Koroga bila kuacha. Rangi ya njano kwenye udongo ni chuma kilichoshikana na maji. Joto likifika nyuzi 300 hivi, maji hayo hutoka na kinachobaki ni ule wekundu. Ukichota kijiko kimoja cha unga kila baada ya dakika 10 na kukiweka pembeni, utapata ngazi nzima: njano, chungwa, kahawia ya mdalasini, nyekundu. Udongo ukiwa moto huonekana mweusi zaidi kuliko ulivyo, kwa hiyo uhukumu ukishapoa. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na ufunge kitambaa puani.

Kibuyu chenyewe kina ngozi ya nta. Kilowekwe, kisuguliwe kwa waya wa kusugulia sufuria, kikauke, kipitishwe msasa namba 180 na kumaliziwa na 240, kisha kipakwe maji ya gundi matupu mara moja. Hapo ndipo rangi hushika. Tabaka mbili nyembamba, na ya kwanza ikauke kwanza. Kibuyu cha maziwa au cha kunywea pombe kipambwe nje tu, mbali na mdomo.

Damu ya mzee, sinia 40

*Mbukwenyi! Nimepewa kazi ya kupaka sinia za mbao 40 za sherehe, sentimita 30 kwa 40, na wenye shughuli wamechagua damu ya mzee ifanane na vitambaa vyao. Nikichanganya leo inatoka nzuri, kesho inatoka nyingine. Nifanyeje zifanane zote? – Mama wa ufundi, Mpwapwa*

Mbukwenyi, mama. Usichanganye mara mbili. Rangi ya sinia zote 40 itoke kwenye ndoo moja, siku moja. Hesabu yake ni hii: sinia moja ni mita 0.3 kwa 0.4, yaani mita ya mraba 0.12, mara 40 ni 4.8, kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, ni 9.6. Lita moja ya rangi ya maji huenda mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye mbao iliyokwisha pakwa andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia. Kwa hiyo unahitaji lita 1, na ya akiba uongeze, jumla mililita 1,200. Hiyo ni kwa uso wa juu. Ukipaka na mgongo wa sinia, zidisha mara mbili. Iliyobaki ni nafuu kuliko iliyopungua.

Kwa damu ya mzee tunaanzia nyekundu sehemu 20, kahawia 4, ultramarini 1. Jumla ni sehemu 25, kila moja mililita 48: nyekundu 960, kahawia 192, bluu 48. Lakini usimimine bluu yote. Tia mililita 35, koroga dakika tano nzima ukikwangua kuta na chini ya ndoo, ndipo upime. Watu wengi hutia nyeusi badala ya bluu. Nyeusi na nyekundu yenye uchungwa hutoa rangi ya ini, si damu ya mzee.

Kupima si kutazama ndani ya ndoo. Rangi ya maji hukauka ikiwa nzito zaidi ya ilivyo mbichi, kwa sababu gundi iliyomo ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na huwa kama kioo ikikauka. Paka kwenye kadi, ikauke kabisa, ipake tabaka la pili, ikauke tena, halafu iweke juu ya kitambaa chenyewe, nje kivulini, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Taa ya ndani itakudanganya: rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa ya dukani na zikaachana mkifika nje. Omba kitambaa halisi, usikubali picha ya simu.

Andika kipimo cha mwisho kwenye daftari, pamoja na jina na namba ya kila kopo, na ubandike ile kadi pembeni yake. Namba ni muhimu kwa sababu nyekundu ya kampuni moja na ya nyingine hazibebi kitu kimoja, hata jina likiwa lilelile.

Inakauka kabla sijamaliza

*Natengeneza magari ya mbao ya watoto. Kuanzia Juni upepo ukianza, rangi inakauka kwenye brashi, nikirudia kupaka inajikunja, na vumbi linaganda juu. – Fundi, Veyula*

Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu na ina upepo, ndiyo maana. Usiongeze maji mengi, maana maji hukauka hukohuko na yanaipunguzia rangi nguvu ya kushika. Kikomo chako kiwe kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vinne vya chakula vya rangi. Glisirini ya famasi husaidia, matone 3 kwa kijiko cha chakula. Ikizidi, gari litanata mkononi wiki nzima. Mbao yenyewe ifute kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa dakika tano kabla ya kupaka, la sivyo inakunywa maji ya rangi mara brashi inapogusa.

Rangi uliyochanganya iweke kwenye sahani iliyotandikwa kitambaa kilicholowa na juu yake karatasi ya kuokea keki, kisha funika kwa bakuli. Itadumu hivyo mpaka jioni. Paka kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka, na ukishapaka funika kwa boksi la katoni lililotobolewa pembeni.

Kujikunja kunatokana na kurudia rangi iliyoanza kushika. Ukiona mstari umekosea, uache. Subiri saa mbili, pitisha msasa wa 240, paka upya.

Na kwa kuwa ni vya watoto: nunua kopo lililoandikwa wazi kwamba halina madini ya risasi. Usitumie mabaki ya kopo lisilojulikana, hata kama ni la bure.

Nyeusi ya betri

*Wanafunzi wetu huponda betri za redio zilizokwisha kupata rangi nyeusi ya sanaa. Ni salama? – Mwalimu, Manyoni*

Hapana, mwalimu, na tunaomba iachwe kuanzia leo. Ule unga si mkaa mtupu. Una manganizi, na umelowa chumvi za kemikali zinazochoma ngozi na macho. Vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo na neva.

Masizi ya kibatari au ya chini ya sufuria hutoa nyeusi nzito kuliko hiyo, na hayagharimu kitu. Shida yake ni moja: masizi yana mafuta, huelea juu ya maji na kuruka. Yaloweshe kwanza kwa matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, ponda mpaka yawe kama lami, ndipo utie maji ya gundi. Kijiko cha chai kimoja cha masizi kwa vijiko vitatu vya chakula vya maji ya gundi kinatosha. Kazi ya kuponda ifanywe na mtu mzima aliyefunga pua.

Kwa uchoraji wa picha kuna nyeusi nzuri zaidi: kahawia nzito na ultramarini, nusu kwa nusu. Ukiongeza kahawia inapata joto, ukiongeza bluu inakuwa nyeusi ya usiku. Kivuli kilichopakwa hivyo hakionekani kama shimo.

Steina chupa nzima, bado pinki

*Nimenunua rangi nyeupe ya maji lita 1 nikatia steina nyekundu, ile rangi kali ya chupa ya kukolezea. Chupa imeisha, bado ni pinki, na sasa ukigusa inachafua mkono. – Msomaji, Area C, Dodoma*

Nyeupe ya dukani imejazwa unga mweupe wa titani, na huo ndio unaoifanya ifunike ukuta. Huwezi kuushinda kwa steina. Halafu steina yenyewe haina gundi. Inategemea gundi ya rangi uliyoitia. Ukipita mililita 50 kwa lita, gundi haitoshi kushika unga wote, na ndiyo maana inachafua mkono. Muulize muuzaji *besi* ya rangi nzito, ile isiyo na nyeupe ndani. Ikiwa mbichi huonekana kama maziwa yaliyotiwa maji, na ikikauka huwa karibu haina rangi. Hapo mililita 50 za steina hutoa nyekundu kweli.

Hiyo pinki uliyo nayo iokoe kwa kuongeza lita nyingine moja ya nyeupe. Itashika, na utakuwa na pinki laini lita mbili.

Ya mafuta ndani ya ya maji

*Je, nikikosa rangi ya bluu ya maji naweza kutia ya mafuta kidogo? – Msomaji, Kibaigwa*

Hata tone usitie. Zitagandana kama maziwa yaliyokatika na kopo zima litaharibika. Kupaka juu ya nyingine ni jambo jingine: ya mafuta hukaa juu ya ya maji iliyokauka kabisa, lakini ya maji juu ya ya mafuta inayong'aa hubanduka, isipokuwa umeikwaruza kwanza kwa msasa mpaka mng'ao uishe.

Kutunza iliyobaki

*Rangi ya udongo niliyochanganya imenuka baada ya siku chache. Bado inafaa? – Msomaji, Kongwa*

Ikinuka mwage. Wadudu wameshaingia kwenye gundi, na hata ikipakwa haitashika sawasawa. Wakosaji ni maji machafu na brashi iliyochovywa moja kwa moja kwenye kopo. Siku nyingine mimina ya kutumia kwenye bakuli, na iliyobaki iweke kwenye chupa ndogo ijae mpaka juu, ubandike kipande cha plastiki juu ya uso wa rangi kabla ya kufunga. Chupa iliyojaa nusu ina hewa, na hewa hutengeneza ngozi. Kwa rangi ya udongo, tunza unga mkavu kwenye kopo, uchanganye na gundi ule wa kutumia siku hiyo tu.